Nyungunyungu wanakufa au wanakimbia? Anza na sanduku

Anayenipigia simu kuhusu nyungunyungu wake, wale tunaowafuga wageuze mabaki ya jikoni kuwa mbolea, karibu kila mara huanza na chakula. Amewapa maganda ya ndizi, amewapa mabaki ya mchicha, amewapa majani ya chai, mbona wanakufa? Mimi humuuliza wanakaa kwenye nini, na hicho kitu kimewekwa wapi. Hapo simu hunyamaza kidogo.

"Kwenye ndoo tu, kaka."

Ndoo ya nini?

"Ya rangi. Lakini niliiosha."

Nyungunyungu hana mapafu. Anapumulia ngozi, na ngozi hiyo lazima iwe na unyevu muda wote. Chochote kilichomo kwenye ukuta wa makazi yake, iwe joto, mafuta, chokaa au dawa ya mbao, kinamfikia mwilini bila kupitia mdomoni. Mbuzi ukimjengea banda baya atalala vibaya, lakini asubuhi utamkuta. Nyungunyungu hakupi nafasi hiyo. Ndiyo maana nikisikia dalili yoyote, huwa nakagua sanduku kabla sijagusa chakula.

(Nasema nyungunyungu kwa makusudi. Ukitangaza mtaani kwetu kwamba unafuga minyoo, utaelekezwa duka la dawa.)

Mchana wamelala juu, wamelegea kama tambi

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo mara nyingi zaidi hapa jijini Mwanza, na mimi mwenyewe nilianza nayo. Makazi yangu ya kwanza yalikuwa ndoo tatu nyeusi za lita 20 zilizopachikana, nikaziweka juu ya jiwe nyuma ya nyumba, upande wa mlimani Mabatini. Jiwe lilikuwa bapa kama meza, nikaona nimerahisishiwa kazi. Jumamosi ya pili nilirudi kutoka Kirumba saa tisa alasiri, nikafunua kifuniko, nikapokewa na mvuke. Nusu kilo ya nyungunyungu ilikuwa imegeuka uji.

Mwanza ipo mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto la kivulini si baya. Mchana ni nyuzi 27 hadi 30, usiku hushuka hadi 17 au 18. Nyungunyungu mwekundu wa mbolea hustawi kati ya nyuzi 15 na 25, huvumilia mpaka 30 hivi, na ikifika 35 wengi hufa. Yule mkubwa mwenye asili ya Afrika Magharibi, anayependwa na wafugaji wa sehemu za joto, raha yake ni nyuzi 24 hadi 30. Maana yake kivuli kizuri kinatosha karibu mwaka mzima. Linaloua ni zile nyuzi kadhaa zinazoongezwa na chombo chenyewe na mahali kilipokaa. Jiwe la Mwanza hula jua kutwa na kulitoa usiku. Aliyejenga katikati ya miamba anajua jinsi ukuta wa nyuma unavyokataa kupoa hata saa nne usiku. Nilikuwa nimeweka ndoo nyeusi juu ya jiko.

Hata hivyo usilaumu jiwe kabla hujapima mara mbili. Ingiza mkono katikati ya matandiko, yaani yale malazi uliyowatandikia ndani ya chombo, saa kumi na mbili asubuhi, kisha rudia saa tisa alasiri. Ukiwa na kipimajoto ni bora zaidi. Asubuhi ukikuta ubaridi na alasiri ukakuta joto, hasa karibu na ukuta unaopigwa na jua, kosa ni la chombo au la mahali. Asubuhi katikati pakiwa pana joto kuliko pembeni, chombo hakina hatia: umejaza chakula kingi kwa mpigo au umetia samadi mbichi, na lundo linachemka lenyewe kama mboji. Hapo punguza, tandaza, subiri.

Kama ni chombo, basi plastiki nyeusi na bati ndivyo vya kwanza kuondoka juani. Bati lina balaa mbili, na hiyo ya pili nitaieleza mbele. Mbao ya unene wa inchi moja hupitisha joto polepole, na zaidi ya hapo hutoka jasho. Mtungi wa maji ya kunywa unapoa kwa sababu hiyohiyo: maji yanapenya ukutani, yanakauka kwa upepo, yanaondoka na joto. Sanduku la mbao lenye unyevu hufanya kazi ya mtungi. Plastiki haifanyi.

Kuna kifaa kingine ambacho sisi wa kando ya ziwa tunacho na wengine hawana. Ni yale maboksi meupe mepesi ya povu gumu yanayopakiwa minofu ya sangara. Yaliyovunjika pembe hutupwa au huuzwa kwa bei ya kutupa. Kwa kuzuia joto hayana mpinzani. Yaoshe kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu ya samaki iishe, la sivyo paka na panya wa mtaa mzima watahamia kwako. Toboa matundu mengi kuliko unavyodhani, kwa sababu povu halipumui hata chembe, kisha uyaweke kivulini maana jua huyafanya yamenyeke kama keki iliyokauka. Panya huyatafuna. Kwa hiyo nayapenda kwa kuanzia, si kwa kukaa nayo miaka.

Friji bovu lililolazwa chali ni wazo zuri kwa sababu hiyohiyo ya ukuta mnene. Mwite fundi friji aondoe gesi kwanza, usikate mabomba mwenyewe. Na ung'oe mlango kabisa. Mtoto akiingia humo kucheza na mlango ukajifunga, hewa ni ya dakika chache tu. Funika kwa fremu ya mbao na gunia.

Huna uwezo wa kubadili chombo wiki hii? Kiinue kutoka kwenye jiwe angalau sentimita 20 kwa matofali au miguu, upepo upite chini. Paka chokaa nje tu, ndani usiguse. Zuia jua la alasiri, yaani upande wa magharibi. Jua la asubuhi halina ubaya mkubwa. Juu ya matandiko laza gunia la katani lililoloweshwa. Mimi nilipanda mpasheni ukatambaa juu ya kibanda, na baada ya miezi kadhaa nilikuwa nakula matunda ya kivuli changu.

Usiku wamejaa kwenye kifuniko, asubuhi wako sakafuni

Usiku mmoja au mbili za kutangatanga ni ugeni tu. Acha taa iwake juu ya sanduku lililofunuliwa; hawapendi mwanga, watazama chini. Wakiendelea usiku wa tatu, kuna kitu kinawafukuza, na cha kuangalia ni wanakikimbia kutoka wapi. Wakitoka pande zote kwa pamoja, fikiria hewa, au matandiko yaliyochacha. Wakikwepa ukuta mmoja, kona moja au ubao mmoja, mhalifu umeshamkamata.

Sanduku langu la pili lilikuwa la mbao, nimelichongesha kwa fundi, limenyooka, lina bawaba na miguu. Nyungunyungu walikaa katikati kama watu waliomwagiwa maji ya moto pembeni, hakuna hata mmoja aliyesogelea ukuta. Nikarudi kwa fundi.

"Fundi, humu umepaka nini?"

"Oili chafu, kaka. Mchwa hagusi hapo miaka mitano."

"Na nyungunyungu?"

"Hao sikujua kama nao ni wateja."

Simlaumu. Kupaka oili chafu ya gari kwenye mbao ni desturi ya mafundi wengi, na kwa nguzo ya uzio inafanya kazi. Kwa sanduku la nyungunyungu ni sumu: mafuta ya injini na mabaki ya metali humo hayatoki kwa sabuni, yamezama kwenye nyuzi za mbao. Lile sanduku likawa la kuwekea vifaa vya bomba. Tangu hapo, kabla fundi hajashika msumeno namwambia: usipake kitu, hata kama utaona uchungu.

Mbao zilizotiwa dawa kiwandani ni kundi lilelile. Utazijua kwa rangi ya kijani hafifu, na zikiwa nguzo nyeusi utazijua kwa harufu ya lami. Dawa ya zile za kijani ina shaba, na nyingi pia zina kromiamu na aseniki. Shaba ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye mrututu, na nyungunyungu ni miongoni mwa viumbe wanaoumizwa nayo mapema sana. Hata kama wangevumilia, mbolea hiyo unaipeleka kwenye mchicha wa watoto.

Basi mbao gani? Paini isiyotiwa dawa ndiyo rahisi kupatikana. Mashamba ya misitu ya kanda yetu, kama Buhindi upande wa Sengerema na Rubya kule Ukerewe, yana misonobari. Ikiwa mbichi inatoa utomvu na harufu kali, kwa hiyo ianike upenuni wiki kadhaa mpaka ukiinusa isikupige puani. Mkaratusi na msederea vina mafuta makali zaidi; hizo nitazitumia tu zikiwa kuukuu, zimetoka kwenye kitanda au paa la zamani. Mninga ni mbao ya kifalme, na ukiweza kuununua kwa ajili ya nyungunyungu wewe hushauriki.

Paleti za mizigo ni mbao ya bure au karibu na bure. Tafuta mhuri wenye alama ya suke la ngano. Pembeni yake kuna herufi: HT ni kwamba mbao ilitibiwa kwa joto, ichukue, MB ni kwamba ilifukizwa kwa gesi ya methaili bromaidi, iache. Isiyo na mhuri itazame kwa madoa na uinuse. Paleti iliyobeba viuatilifu haisemi chochote kwa herufi lakini pua itakuambia.

Ndoo sasa. Ya rangi ya mafuta, hapana, hata uikwangue vipi. Ya rangi ya maji wengine huibandua ngozi ya rangi ikatoka nzima wakaitumia. Mimi siifanyi kazi hiyo wakati ndoo za mafuta ya kula na majarini zinauzwa kila soko. Mapipa ya bluu ya lita 200 muulize muuzaji yalibeba nini. Akijibu "dawa tu, bosi, nimeyaosha", muage kwa heshima. Chini ya chombo kuna pembetatu yenye namba: 2 na 5 ndizo plastiki ngumu zinazofaa.

Saruji mbichi huwashangaza watu kwa sababu inaonekana safi. Mtu anajenga kibanda kizuri cha matofali, anasakafia ndani, siku ya tano anaingiza nyungunyungu, wanakufa kwenye kona wote. Saruji mpya ina ukali wa chokaa, uchungu wake unafika 12 na zaidi kwenye kipimo cha pH, wakati mnyoo anataka karibu na 7. Ngoja mwezi mzima. Katika mwezi huo jaza maji, yaache siku tatu, yamwage, rudia mara tatu au nne. Ukianza kibanda wakati wa masika mvua inakufanyia kazi hiyo bure. Tofali la kuchoma lisilopigwa lipu ndani ni afadhali: linapumua, na halina ukali huo isipokuwa kwenye viungo.

Wavu wa kuziba matundu uwe ule wa madirishani. Usikate chandarua cha zamani cha kitandani. Vyandarua vingi vina dawa ya kuua wadudu, na ingawa nyungunyungu si mdudu, sioni sababu ya kumfanyia jaribio hilo.

Kwa chombo chochote kipya usichokiamini, fanya hivi: loweka matandiko kidogo, yaguse kuta na sakafu yote, weka nyungunyungu kumi, funika siku mbili. Ukiwakuta kumi wakiwa wamesambaa, endelea. Ukiwakuta sita, au kumi waliojikunja fundo moja katikati, hujapoteza kilo nzima.

Harufu ya mayai viza na maji yamesimama chini

Mabaki ya jikoni sehemu kubwa ni maji. Kwenye mbao maji hayo yanatoka kwa jasho. Kwenye plastiki yanateremka chini na kukaa. Hewa inaisha, bakteria wasiotaka hewa wanashika nchi, na harufu inaanza. Nyungunyungu wa chini hupanda juu, halafu hupanda ukutani, na mwenye nyumba hudhani wanakimbia sumu.

Inamisha chombo. Maji yakitiririka kutoka chini, matundu yalikuwa hayatoshi au yameziba. Beseni la lita 40 linahitaji matundu kama ishirini ya milimita 6 chini, na safu mbili za matundu ya milimita 3 pembeni karibu na juu. Kama huna drili, tumia msumari uliochomwa kwenye mkaa. Fanya nje na usivute ule moshi. Wavu wenye vitundu vidogo mno huziba kwa utelezi ndani ya wiki chache, na hapo matundu yako ni mapambo.

Vitabu hupenda safu ya kokoto chini. Mimi niliacha. Ni nzito, na siku ya kuvuna inachanganyika na mbolea. Badala yake nakata matete ya ziwani, nayapanga kama kitanda chini ya matandiko. Yanaacha njia ya maji na hewa, na yakioza baada ya miezi nayo yanaliwa. Mafunjo hufaa vilevile.

Magugu maji ni hadithi nyingine. Ukiyatoa ufukweni yakiwa mabichi ukayatia moja kwa moja umemwaga ndoo ya maji ndani, maana mmea huo zaidi ya asilimia 90 ni maji. Yaanike mpaka yavunjike mkononi, kisha yakate. Na usiyachukue karibu na mifereji ya maji machafu ya mjini au viwanda. Gugu hili lina tabia ya kufyonza metali nzito na kuzitunza mwilini. Maganda ya mpunga, ambayo kwenye mashine za kukoboa yanakaribia kuwa kero, hayanyonyi maji lakini hufungua hewa. Konzi chache katika matandiko ya maboksi hubadilisha kabisa sanduku lililogandamana.

Kama mvua ndiyo inayoingia, tatizo ni kifuniko. Hapa ndipo bati linapofaa: paa lililoinuliwa sentimita 15 juu ya sanduku, lisiguse kitu, lipite ukingo pande zote.

Pembeni pamekauka, katikati pana uhai

Juni hadi Septemba, upepo na ukame vikikutana, sanduku la mbao lililokuwa linasifiwa hapo juu linageuka tatizo. Kreti za soda na matenga ndiyo hukauka zaidi, kwa sababu ni matundu matupu. Kamata konzi ya matandiko na uminye: litoke tone moja au mawili. Lisipotoka hata moja, kavu. Ukiona mfululizo, umezidisha.

Zungushia ndani ya kuta kiroba kilichokatwa au tabaka mbili za boksi la karatasi lililoloweshwa (bandua utepe wa nailoni wa gundi kwanza). Chini uache wazi. Watu hutandika nailoni sanduku zima, wakajikuta wamerudi kwenye harufu ya mayai. Ukiwafugia kwenye mtungi mkubwa, uufukie nusu ardhini, kivulini. Ukiwa juu ya ardhi upande wa upepo utakuwa unaumwagilia kila siku.

Wapo hai, lakini hawaongezeki

Fukua, utafute mayai. Ni vifuko vyenye umbo la limau dogo, ukubwa wa punje ya mtama, rangi ya dhahabu inayoelekea kahawia. Kila kimoja hutoa watoto wawili watatu baada ya wiki tatu na zaidi. Ukiviona vingi, una haraka tu. Usipoviona baada ya miezi miwili, rudi kwenye chombo.

Balaa ya pili ya bati niliyoahidi ni hii: ngozi yake ya kuzuia kutu ni zinki. Chakula chenye uchachu, maganda ya nanasi na machungwa hasa, huila zinki hiyo polepole, nayo huingia kwenye matandiko. Hawafi leo. Wanakonda, wanaacha kutaga, na wewe unabadilisha chakula miezi mitatu. Ukikuta bati la ndani limepata ukungu mweupe wa unga pale linapogusana na matandiko, jibu ndilo hilo. Misumari na skrubu chache hazina shida, ukuta mzima ndio shida. Tairi la gari nalo lina zinki kwenye mpira wake, linashika joto na kutunza maji ya mbu. Silipendekezi.

Samadi nayo ni kifaa. Uliza ng'ombe walipewa dawa ya minyoo lini. Dawa hiyo hutoka na kinyesi ikiwa bado na nguvu, na haichagui minyoo ya tumboni na wa sandukuni. Samadi iliyokaa miezi kwenye lundo ni salama zaidi kuliko ya jana.

Halafu kuna kina. Pipa refu linavutia, lakini nyungunyungu hawa ni wa juu juu. Chini ya sentimita 40 panabaki pamegandamana bila mkaaji. Kinachohesabika ni upana. Eneo la sentimita 30 kwa 30 linatosha nusu kilo ya mabaki kwa wiki. Nyumba inayotoa kilo tatu kwa wiki itafute sanduku la mita moja kwa sentimita 60, kina 30. Likijaa litapita kilo 100, kwa hiyo lijenge pale litakapokaa.

Sanduku lenyewe linaachia

Plaiwudi ya ndani hufumuka kurasa kama kitabu kilicholowa, na ubao wa unga wa mbao hugeuka uji ndani ya msimu mmoja wa mvua. Gundi zao nazo si chakula. Paini tupu mimi hunipa miaka miwili, pengine mitatu ikiwa miguu haigusi udongo. Plastiki iliyokaa juani hupauka, halafu hupasuka siku unapoibeba ikiwa imejaa. Tumia skrubu badala ya misumari, ubao mmoja ukioza unabadilisha huo tu. Ukitaka kurefusha maisha ya mbao, sugua nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya kula upande wa nje.

Wageni

Sisimizi wakiingia, sanduku limekauka au miguu haina kinga. Weka kila mguu kwenye kopo lenye maji na matone ya mafuta ya kula, na hakikisha hakuna tawi linalogusa. Siafu wakipanga safari hawachezewi: hamisha sanduku usiku huohuo. Kuku na mijusi hawapiti wavu. Mabaki ya dagaa na samaki usiyatie, nzi watakuja kabla hujafunga kifuniko, na dagaa wa chumvi huwaunguza nyungunyungu.

Umebadilisha sanduku mara tatu na bado wanatoroka

Niambie uliwapata wapi. Mara nyingi jibu ni ufukweni, kwa vijana wanaochimba chambo cha ndoana, au chini ya migomba wakati wa vuli. Hao ni nyungunyungu wa udongo. Wengine wao huchimba mashimo marefu kwenda chini, wanakula udongo wenyewe, na kwao sanduku la kina cha sentimita 30 ni jela, liwe la mninga au la povu. Wale wa mbolea utawakuta kwenye lundo la samadi iliyooza au kwa mfugaji mwenzio: wekundu, wembamba, wamejaa tele sehemu moja ndani ya kinyesi badala ya udongo. Kilo moja ya wale wadogo wekundu ni kama elfu mbili, lakini nusu kilo inatosha kuanza. Wale wa ufukweni wapeleke kwenye shina la mgomba, umwagie maji, uwaache wazame.